Fit ya plagi nane: sensa ya presha nimebadilisha mara mbili, taa ya injini bado inarudi

MamaFit_Umoja, Jumatatu, saa 4:40 usiku

Hamjambo wenye magari. Nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya mwaka mzima, leo nimefika mwisho wa kamba.

Nina Honda Fit ya 2006, ile ya 1300 yenye plagi nane, namba za KBU. Ni teksi ya app tangu 2019, kwa hiyo gari likilala, na sufuria inalala. Shida ilianza kama miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa Westlands, maegesho ya chini ya jengo, abiria keshakaa nyuma na mabegi yake. Naweka rivasi nitoke, gari likatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, likazima. Nikastarti, likawaka, lakini ile taa ya injini ya rangi ya chungwa ikabaki pale. Tangu siku hiyo gari limekuwa zito. Kupanda Waiyaki Way kutoka Westlands kwenda Kangemi, matatu zinanipita kondakta akinipungia mkono. Mafuta nayo: nilizoea kilomita 14 kwa lita, sasa nikipata 10 nashukuru.

Nikaenda gereji. Kijana akachomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu, P0107. "Sensa ya presha, mama, ile ya hewa ya injini." Akanionyesha kwenye kioo, injini imezimwa na swichi ya ufunguo iko wazi, yaani umeme unapita, mashine inasoma 82. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha mahali pameandikwa kwamba inatakiwa kusoma 101. "Unaona ilivyochoka?" Ningebisha na nini? Namba ni namba.

Nikanunua sensa ya mitumba ya Japani pale Grogan, kwenye maduka ya vipuri, 3,500. Ufundi 1,000. Taa ikafutwa. Nilifanya kazi siku mbili, ya tatu taa hiyo. Narudi, mashine inasoma 82. "Hii umeuziwa iliyokufa." Nikajinyima, nikanunua mpya ya ndani ya boksi, 6,800. Kuipima: 82! Sasa ananiambia ni kompyuta ya gari, nitafute 25,000. Hapo nikamwambia asante, nikaenda zangu nyumbani.

Kile kidude cha Bluetooth cha kusomea gari ninacho, lakini kinakataa kabisa kuongea na hii Fit. Kitu kingine nilicho nacho ni mita ya umeme ya marehemu baba, alikuwa fundi wa redio. Najua kupima betri nayo, basi. Kuna njia ya kujua kama ni sensa, ni kompyuta, au naliwa tu?

Nisisahau: taa haiji ovyo. Inapenda kuja nikiweka rivasi, au nikipita yale matuta ya Mutindwa. Sijui kama inahusiana.

---

Kijana_wa_Grogan, Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Hiyo gari ikitetemeka kwa rivasi ni oili ya giaboksi. Fit zote ziko hivyo. Mwaga oili, weka ile inayotakiwa ya CVT, hiyo giaboksi ya otomatiki ya Fit, uone. Na sensa ukihitaji orijino niko nayo, nitakufanyia bei.

---

Passo_ya_Bamburi, Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Dada yangu, pole kwa masaibu. Fundi wako hakukosea kusoma. Mimi niko Mombasa, nina Passo ya 1000, nayo yatumia sensa kama hiyo. Asubuhi hii nimechomeka kidude changu, swichi wazi, injini haijawashwa: 101 kamili. Kwa hiyo 82 ni mbovu, na hizo mbili ulizouziwa ni mbovu pia. Siku hizi vitu feki vimejaa. Tafuta ya kweli kabla hujagusa kompyuta.

---

FundiWaya, Jumanne, saa 7:05 mchana

Nimekula, sasa naweza kujibu. Niko Light Industries, Kariobangi, nafanya umeme wa magari mwaka wa 22 huu. Siuzi sensa.

Mama, hizo sensa zako tatu ni nzima. Usinunue ya nne.

Ndugu yetu wa Bamburi amepima vizuri sana, na ndiyo maana jibu lake limekupoteza. Hiyo sensa haipimi kitu cha ajabu. Inapima msukumo wa hewa iliyo ndani ya manifoldi, yaani lile bomba linalogawa hewa kwa silinda. Injini ikiwa imezimwa, hewa ya ndani na hewa ya nje ni moja. Kwa hiyo ukifungua swichi bila kustarti, sensa inakuambia hewa ya mahali uliposimama. Yeye amesimama ufukweni, hewa yote imemlalia kichwani: kilopaskali 101. Wewe umesimama Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni 82, 83, hivi. Limuru kule juu utapata 78 au 79. Sensa ikisoma 101 Nairobi, hiyo ndiyo ya kutupa.

Wanaoandika kwamba ni 101 wanaandika kipimo cha usawa wa bahari. Vijana wengi wa mashine wanashika hiyo namba kama kitambulisho, hawaulizi imetoka wapi. Nimeona sensa nzima zimejaa ndoo kwa sababu hiyo.

Tena fikiria hivi. Sensa tatu, moja ya kiwandani, moja ya mitumba, moja ya boksi, zote zinasema 82. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema neno moja mahakamani, hakimu hawafungi wao.

Sasa P0107. Hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta iliona umeme unaorudi kutoka upande wa sensa uko chini mno, karibu na sifuri. Kwa Honda yako, sensa ikisoma 82 inarudisha kama volti 2.4. Hiyo si chini mno, ni katikati. Maana yake wakati yule kijana anakuonyesha 82 kwenye kioo, tatizo halikuwepo pale. Lilikuwa limeenda kunywa chai. Ukibadilisha sensa wakati tatizo liko kwenye chai, taa itafutika, utaendesha siku mbili, litarudi.

Kompyuta usiiguse bado. Toa mita ya mzee.

Soketi ya sensa ina nyaya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwa kompyuta, mmoja ni eathi, mmoja unarudisha habari. Usitoboe waya, maji yataingia na mwakani utakuwa hapa tena. Chukua pini nyembamba mbili, ziingize kutoka nyuma ya soketi, kando ya waya, hadi ziguse chuma. Soketi iendelee kuwa imechomekwa. Angalia sana pini zisigusane. Mita iweke volti za DC, kipimo cha 20. Fungua swichi, usistarti. Pima wa 5 na eathi, kisha wa habari na eathi. Halafu starti, acha injini ipate moto, AC imezimwa, injini ingurume tu bila kukanyaga mafuta, pima tena wa habari. Inatakiwa ishuke hadi karibu volti 1, kwa sababu injini inanyonya na koo, yaani mlango wa hewa, limefungwa, ndani kunabaki hewa kidogo. Ikibaki juu, kwa mfano 1.6, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, au muda wa injini, yaani taiming, umehama.

Na kama unataka kuzipima sensa zenyewe ulale vizuri, nenda agrovet ununue bomba la sindano la mililita 20, lile la ng'ombe, na kipande cha mpira. Vuta hewa kutoka kwa sensa huku imechomekwa na swichi iko wazi. Volti zishuke kwa ulaini unavyovuta, na zikae pale ukishikilia. Zikiruka ruka, au zikipanda zenyewe wakati mpira hauvuji, sensa ni mbovu. Zima swichi kila unapobadilisha.

Swali langu moja, na ulijibu kwa kufikiri: kabla taa haijawaka mara ya kwanza, nani alifungua nini kwenye injini?

---

Probox_Kitengela, Jumanne, saa 12:20 jioni

Samahani kuingilia, lakini mimi pia ni sensa ya presha. Taa nyekundu ya kikopo inawaka nikisimama kwenye taa za barabarani, nikikanyaga inazima. Fundi anasema sensa, 1,200. Ninunue?

---

FundiWaya, Jumanne, saa 12:31 jioni

Wewe ni mambo mengine kabisa. Hiyo ni presha ya oili, na kikopo chekundu si cha kujadili ukiendesha. Zima gari. Pima oili kwa kijiti. Ikiwa iko, fundi afungue hiyo swichi ya oili, afunge geji ya mkono mahali pake, asome presha yenyewe injini ikiwa moto. Geji ikisoma sawasawa, nunua swichi yako kwa amani. Ikisoma chini, swichi ilikuwa inasema kweli, na ungeendelea kuendesha ungenunua injini. Nimeona mtu amechomoa waya wa hiyo taa ili isimsumbue. Alifika Emali tu, injini ikafa.

---

MamaFit_Umoja, Jumatano, saa 5:50 usiku

Fundi, nimesoma ujumbe wako mara tatu, ya tatu nikamsomea kijana wangu wa sekondari kwa sauti. Akasema, "Mathe, hii ni fizikia ya shuleni." Basi nikamwajiri.

Tumefanya nje ya ploti kwa tochi ya simu. Pini nilitumia zile za kushikia kitambaa kabla ya kushona. Matokeo niliyaandika kwenye mkono kwa kalamu, nayanakili:

Waya wa 5: 4.98.
Wa habari, swichi wazi: 2.41.
Wa habari, injini moto inanguruma: 1.02. Nikiwasha AC inapanda hadi 1.2 na kitu.

Sindano niliipata kwa agrovet ya hapa Mutindwa. Yule mama aliniuliza nafuga nini, nikamwambia Honda. Tulipima zote tatu, hata ile ya kwanza kabisa ambayo nilikuwa nimeitupa kwenye droo ya dashibodi. Zote zinashuka pole pole ukivuta, zinatulia pale ukishikilia. Kijana alihesabu hadi thelathini. Hakuna iliyotikisika.

Nilikaa kwenye ngazi nikapiga hesabu. 3,500 na 6,800, ufundi mara mbili, na siku nne bila kazi. Zile pesa zilikuwa za nguo za shule. Sikulia, lakini ilikuwa karibu.

Sasa swali lako. Nilianza kuandika kwamba hakuna aliyefungua kitu, halafu nikakumbuka. Kitu kama wiki tatu kabla ya siku ile ya Westlands nilibadilishiwa maunti ya injini, yaani kile kishikilio cha injini, ile ya upande wa betri. Gari lilikuwa linapiga kishindo nikiweka D. Haikuwa gereji hii, ni jamaa wa kando ya barabara, alinifanyia kwa saa moja na nusu. Sikuhusisha kabisa, maana maunti ni mpira na chuma, haina umeme.

Kwa hiyo kila kitu kinasoma vizuri. Mbona taa imewaka tena leo asubuhi nikitoka kwenye geti?

---

FundiWaya, Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Maunti haina umeme, lakini ili kuifikia unatoa betri na sahani yake, na ukitoa hivyo unasukuma fungu la nyaya kando. Kuna vishikilio vya plastiki vinavyoshika lile fungu lisitembee. Baada ya miaka kumi na kitu, plastiki hiyo imekuwa biskuti. Ikivunjika, fundi wa saa moja na nusu hairudishi.

Ulitoa siri tangu siku ya kwanza ukasema hujui kama inahusiana. Rivasi. Ukiweka D au R, injini inajipindua kidogo kwenye maunti zake, kila upande kwa gia yake. Kwenye matuta inaruka. Kuna waya umelala mahali pabaya, na injini ikijipindua unabanwa au unaguswa. Kipimo chako kilikuwa cha gari lililosimama kimya, ndiyo maana ni kizuri.

Pima tena, safari hii ukiwa umelikera gari. Pini mbili kwenye waya wa habari na eathi, injini inanguruma. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, handibreki juu, mtu mzima ndani amekanyaga breki kwelikweli. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, na mikono mbali na feni na mkanda. Wa ndani aweke R, arudi N, aweke D, arudi N. Wewe tazama mita. Ukiona 1 imeanguka hadi sifuri, umemshika mwizi.

Kisha hamisha pini, kutoka waya wa habari hadi waya wa 5, mrudie mchezo ule ule. Hapa ndipo watu wanakimbia, usikimbie. Kama wa 5 nao unaanguka, tatizo ni la volti 5: waya wake umekatika mahali, au umegusa bodi ya gari, au sensa nyingine iliyo kwenye laini hiyo inaivuta chini, itabidi uzichomoe moja moja. Kama wa 5 unabaki imara na ni wa habari tu unaoanguka, basi ule wa habari ngozi imetoka na unagusa chuma cha gari. Sensa inaendelea kusema ukweli, lakini ukweli unamwagika njiani kabla haujafika.

Ndiyo maana gari linazima, kwa wanaouliza. Kompyuta ikiona sifuri inadhani ndani ya manifoldi hakuna hewa karibu yoyote, inanyima injini petroli, injini inakufa njaa. Ikishagundua kwamba ile habari ni ya uongo inawasha taa, inaacha kuisikiliza, inakisia kwa kuangalia umekanyaga kiasi gani na injini inazunguka kasi gani. Kukisia hakulingani na kupima. Ndiyo uzito wako wa Kangemi, na ndiyo lita zako.

---

Passo_ya_Bamburi, Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Fundi, nimekubali, yaishe. Mwezi wa nne nilipanda na hii Passo kuja harusini Nairobi. Kutoka Mlolongo nikaona haivuti, nikamwambia mke wangu injini imekwisha, nikaibembeleza mpaka mjini. Kurudi, tuliposhuka Voi ikaamka. Nikadhani ni petroli ya huko kwenu mbovu.

---

FundiWaya, Alhamisi, saa 3:08 asubuhi

Hewa ya hapa ni pungufu karibu moja ya tano kuliko yako, na nguvu ya injini isiyo na turbo, ile pampu ya kusukumia hewa, inapungua hivyo hivyo. Sisi tumezoea. Nyinyi mkija mnaita mafundi.

---

Kijana_wa_Grogan, Alhamisi, saa 4:45 asubuhi

Bado nasema giaboksi.

---

MamaFit_Umoja, Jumapili, saa 2:20 usiku

Nimerudi na habari.

Ijumaa na Jumamosi ni siku za pesa kwetu, sikuweza kusimamisha gari. Nimeendesha hivyo hivyo, rivasi naiweka kwa maombi. Leo baada ya kanisa ndiyo tumefanya. Ndani nilimweka jirani yangu ambaye ni dereva wa lori, mguu wake ukikanyaga breki hata mlima hautembei. Mawe manne. Kijana kashika tochi, ingawa ilikuwa mchana. Alisema tochi ni lazima.

Inanguruma: 1.03.
R: 0.02.

Mara moja tu, kama mtu amezima taa. Gari likakohoa, likataka kufa, jirani akarudisha N, namba ikarudi 1.03. Tulirudia mara tano, mara nne ilianguka. D haikuanguka hata mara moja. Sikuwa nimejua mtu anaweza kufurahi kuona gari lake likiharibika, lakini nilipiga kigelegele, watu wakachungulia madirishani.

Nikahamisha pini kwenye waya wa 5. R, N, R, N. 4.98 haikutingishika. Nikajiambia: basi ni waya wa habari, ngozi imetoka.

Nilitoa betri, na sahani yake. Fundi, nakuambia kama ulikuwepo. Fungu la nyaya lilikuwa limelegea, limeshuka likalala juu ya ukingo wa kile chuma kinachobeba maunti. Kishikilio cha plastiki kilikuwa kimebaki nusu, kimevunjika kama jino. Ule mpira mweusi wa mikunjo unaovishwa nyaya ulikuwa umechanika upande wa chini, ambako huwezi kuona ukiwa umesimama; kijana ndiye aliyeona kwa kuingiza simu chini na kupiga video. Ndani, waya mmoja umeliwa. Kipande chenyewe ni kama punje ya mchele, shaba inang'aa kama pete mpya, na kwenye ukingo wa chuma kuna alama ndogo inayong'aa vile vile, zinatazamana. Hakukuwa na kutu, maana zilikuwa zinasuguana kila siku.

Punje ya mchele! Na mimi nilikuwa naambiwa elfu ishirini na tano za kompyuta.

Sikujiamini kuunga mwenyewe. Kuna kijana wa umeme hapa karibu na stejini, nilimpelekea nikasimama naye. Alitaka kusokota na kufunga tepu, nikamkatalia, nikamwambia naomba risasi ya kulehemu na ule mpira unaonywea ukipashwa moto. Akanitazama, akaniuliza nimesomea wapi. 500. Kisha tukaliinua lile fungu mbali na chuma, tukalifunga mahali pawili kwa vile vikamba vya plastiki, na juu yake kijana wangu akavisha kipande cha mpira wa bomba la maji. Betri ikarudi. Tulipima tena kabla ya kufunga: R mara kumi, haikushuka hata kidogo.

Sensa niliyoiacha ndani ni ile ya kwanza. Ya kiwandani, ya 2006. Nilimwambia samahani.

---

FundiWaya, Jumapili, saa 3:02 usiku

Kazi nzuri. Vikamba hivyo usivikaze sana, injini inahitaji kupumua. Na hiyo maunti aliyokuwekea, tazama kama ni ya mpira mgumu wa kawaida au ni ile laini ya bei ya chini. Injini ikijipindua kiasi cha kufika kwenye nyaya, huenda inacheza kupita kiasi. Mtu akae ndani aweke R na D, wewe tazama kutoka kando: kujiinua kidogo ni kawaida, kuruka si kawaida.

Endesha siku tatu na rivasi za kutosha, kisha uniambie.

---

MamaFit_Umoja, Alhamisi, saa 4:15 usiku

Siku nne. Taa haijaonekana. Jana nilipata abiria wa Limuru, nikapanda Waiyaki Way yote hadi Rironi na matatu moja tu ndiyo iliyonipita, na ilikuwa mpya. Tulipofika nilizima gari, nikafungua boneti abiria akilipa, nikaingiza pini zangu, nikafungua swichi: 2.29. Kijana amepiga hesabu kwenye daftari lake la fizikia, anasema hiyo ni 78. Yule abiria aliniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana, napima Limuru.

Mafuta sijapima tanki zima, lakini leo nimejaza mara moja, zamani ningekuwa nimerudi petroli stesheni saa nane.

Maunti nimetazama, inajiinua kidogo, hairuki.

Kwa yule wa Grogan: oili ya giaboksi nitabadilisha mwezi ujao, maana muda wake umefika kweli. Sensa ninazo mbili hapa, ya mitumba na ya boksi, zote nzima, zimepimwa kwa sindano ya ng'ombe na zina ushahidi wa video. Mwenye Fit ya plagi nane anayehitaji kweli, na aliyepima kwanza, aniandikie. 7,000 zote mbili, tunaongea.